Makutupora: Kidato cha Saba cha Taifa

Ukishika barabara ya Arusha kutoka Dodoma mjini, unaiacha Msalato na shule yake ya wasichana, unapita Veyula, na mwendo wa kilometa zipatazo 25 unakufikisha Makutupora. Ni nchi ya tambarare, ya vumbi na mibuyu. Msafiri wa treni ya SGR anaweza kudhani anapajua, maana jina hilo hutajwa kila inapozungumzwa reli inayotoka Morogoro. Lakini ile ni Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida. Hii yetu ni ya Dodoma, na wengi wanaoikumbuka hawakuzaliwa hapa wala hawakuishi hapa. Waliletwa wakiwa na umri wa miaka kumi na tisa au ishirini, na begi moja, cheti cha kuzaliwa na hofu tele, muda mfupi baada ya kuweka kalamu chini katika mtihani wa mwisho wa kidato cha sita.

Walikuja kambini, katika kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa ambacho kwa hesabu za kijeshi ni 834 KJ, na kwa midomo ya watu ni Makutupora tu. Mwaka 2023 JKT ilitimiza miaka 60, na sherehe ikafanyika Dodoma. Maadhimisho ya namna ile huhesabu vikosi, mashamba na majengo, na ni haki yake. Mimi nataka Makutupora ihesabiwe pia katika orodha nyingine, ile ya shule. Haina mwalimu mkuu wala ubao wa matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, na wala haigawi mchepuo. Hata hivyo, kwa vijana waliopitia sekondari zetu za juu, hiki kilikuwa kidato cha saba, na kwa wengi wao ndicho kilichowakutanisha kwa mara ya kwanza na nchi iliyokuwa imewasomesha.

Ili kuelewa kwa nini kidato hicho kilihitajika, inafaa kurudi kwenye hesabu moja ndogo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wanafunzi 11,832 katika shule zake zote za sekondari. Waliofika kidato cha sita walikuwa 176. Ni idadi ya kuwakusanya wote katika bwalo moja la chakula na viti vikabaki. Miaka sita baadaye, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefika 25,000 na wa kidato cha sita 830. Alizitaja hesabu hizo mwenyewe. Aliona fahari ndani yake, na aliona hatari. Taifa la wakulima lilikuwa linajinyima ili kuwapeleka vijana mia nane mbele, nao vijana hao walikuwa wanafundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba kwenda mbele ni kuwaacha wakulima nyuma.

Shule zenyewe zilikuwa vijijini. Hili husahaulika. Kidato cha tano na sita katika nchi hii kilijengwa juu ya bweni, na bweni likajengwa mbali na mji: Pugu, Minaki, Mzumbe, Ilboru, Ndanda. Wamisionari na serikali ya kikoloni walikuwa na sababu zao za kuchagua vilima na misitu, na zilikuwa sababu za utulivu, ardhi na nidhamu. Matokeo yake ni kijana aliyekaa kijijini miaka sita bila kuwa mwanakijiji. Alikula chakula kilichopikwa na wapishi wa shule na kulala chini ya taa za jenereta. Akitoka nje ya uzio siku ya Jumamosi, watoto walimshangaa kama mgeni. Mama wa kijiji hicho alimuuzia ndizi na kumwita mwanafunzi, wala hakuwa na haja ya kumjua jina.

Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, ulikuwa na shule yake kubwa ya namna hiyo. Madhehebu ya Kiprotestanti yalishirikiana kuanzisha Alliance pale Dodoma, upande wa Kikuyu, na wavulana wa uwanda wa kati na wa mbali zaidi wakapitia hapo. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule za misheni, na Alliance ikapewa jina la Mazengo, mtemi wa Mvumi, mtu ambaye utawala wa kikoloni ulimfanya kuwa mkubwa wa Wagogo wote na ambaye aliishi hadi akaona uhuru. Jina lilikuwa heshima iliyostahili. Kwa vizazi vya vijana, kusema "nimesoma Mazengo" kulitosha kuwa utambulisho. Mwaka 2007 majengo yale yakawa makao ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa Anglikana, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza kwenye vilima vya Chimwaga. Mji uliokuwa na kidato cha sita cha kuhesabika ukapata vyuo vikuu viwili kwa mpigo. Siwezi kulalamikia hilo. Ila wazee wa Mazengo wanapokutana, shule yao wanaizungumza kama marehemu, na nawaelewa.

Sasa turudi nyuma, mwaka 1963. Wazo la jeshi la vijana la kujenga taifa lilitoka katika umoja wa vijana wa TANU, chama tawala, ambao katibu wake mkuu wakati huo alikuwa Joseph Nyerere, mdogo wake Rais. Tarehe 10 Julai 1963 JKT ikazaliwa. Wataalamu kutoka Israeli walisaidia katika hatua za mwanzo, na vijana wa kwanza walikuwa wa kujitolea, wengi wao wenye elimu ya msingi au chini ya hapo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na serikali, baada ya kulivunja jeshi hilo, iliwatazama vijana wa chama na wa JKT ilipotafuta watu wa kujenga jeshi jipya, JWTZ, lililoanzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Hapo JKT ikapata sura mbili ambazo haijawahi kuziacha, jembe na bunduki.

Wasomi walikuwa bado pembeni. Mwaka 1966 serikali ilipoamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita, vyuo na chuo kikuu watatumikia JKT kwa lazima, miezi michache kambini na iliyobaki kazini huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipinga. Tarehe 22 Oktoba waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango, mojawapo likisema kwamba ukoloni ulikuwa na nafuu. Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akawafukuza. Wanafunzi 393 walirudishwa makwao, na yeye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kisa hiki husimuliwa sana kama ushujaa wa Mwalimu au kama uonevu kwa vijana, kutegemea anayesimulia. Nikitazama kutoka uwanda huu wa Dodoma naona jambo la tatu. Wale vijana hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamefundishwa vizuri mno somo moja, kwamba cheti ni malipo ya jasho lao wenyewe, na hakuna mtu katika miaka yao yote ya bweni aliyewaonyesha jasho la mtu mwingine. Miezi mitatu na nusu baadaye likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi 1967 ile Elimu ya Kujitegemea. Maandamano ya Oktoba hayakuzaa fikra hizo peke yake, lakini ni vigumu kuisoma Elimu ya Kujitegemea bila kuwaona wale 393 kati ya mistari yake.

Kuanzia hapo njia ikafunguka. Mhitimu wa kidato cha sita alikwenda JKT kabla ya kwenda popote pengine, na kwa miaka mingi alikaa huko mwaka mzima. Makutupora ilikuwa miongoni mwa makambi yaliyowapokea, pamoja na Ruvu, Mafinga, Oljoro, Maramba, Bulombora, Msange na mengine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaongeza uzito: baada ya JKT, kijana alipaswa kufanya kazi angalau miaka miwili na kupata mapendekezo ya wenzake kazini ndipo aombe chuo kikuu. Wasichana waliondolewa kwenye sharti hilo baada ya muda mfupi, maana ilionekana linawafungia mlango, na miaka ya themanini ikalilegeza kwa wengine. Lakini kwa kipindi cha muongo mmoja hivi nchi hii ilikuwa na jambo la ajabu: ukumbi wa mihadhara ambao ndani yake kulikuwa na makarani, walimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), mabwana shamba na watu waliokwisha kuzaa, na karibu wote walijua kushika jembe, kusimama kwenye lindo usiku na kupokea amri kutoka kwa mtu asiye na cheti chao.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha kidato cha saba. Afande wa kwata mara nyingi alikuwa mtu wa darasa la saba. Alijua kufanya jambo moja kwa ukamilifu ambao mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hakuwahi kuuona: kuwatoa watu mia moja wasiojuana usingizini saa kumi alfajiri na, baada ya wiki sita, kuwafanya wageuke nyuma kwa kishindo kimoja. Kijana aliyezoea kuwa wa kwanza darasani alijikuta wa mwisho katika mchakamchaka. Msichana aliyekuwa na alama A katika Historia alifundishwa kupanga kitanda upya mara nne. Hapakuwa na rufaa. Wengi waliopita wanasema walichukia wiki za kwanza kwa moyo wote, na wengi haohao, ukiwakuta leo wakiwa na mvi, wataanza kukuimbia chenja kabla hujamaliza swali.

Chenja ni nyimbo za kambini, za kukimbilia na za kufanyia kazi, na ndani yake kuna historia isiyoandikwa popote. Anayeanzisha huimba mstari, kombania nzima huitika, na mstari unaweza kumtania afande bila yeye kuwa na la kufanya kwa sababu miguu inakwenda sawasawa. Kuruta, yaani kijana aliye mafunzoni, hutoka Kagera na Mtwara, Pemba na Mbeya. Kila mmoja huleta mahadhi ya kwao, na kambi huyachukua. Mtu anayetaka kujua jinsi Kiswahili kilivyoshika mizizi katika vijana wasomi wa Tanzania asiishie kwenye sera za lugha na vitabu vya kiada. Aende kwenye barabara ya vumbi alfajiri. Sekondari ilikuwa ikifundisha kwa Kiingereza. Kwata, fatiki (kazi za mikono za kambini), matani na adhabu za Makutupora zilikuwa za Kiswahili.

Na baridi. Anayeijua Dodoma ya mchana hawezi kuamini kwamba mwezi Juni na Julai, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, upepo wa usiku hapa unapita kwenye blanketi kana kwamba halipo. Kijana wa Tanga au Dar es Salaam aliyekuja na shuka nyepesi hujifunza jiografia ya uwanda wa kati kwa meno.

Mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera, jeshi lililokuwa na watu wachache liliongezwa kwa haraka kwa mgambo, polisi, magereza na JKT. Vijana waliokuwa wameingia makambini kwa ajili ya kujenga taifa wakajikuta katika taifa lenye vita, na baadhi yao hawakurudi. Sizitaji hesabu za kambi moja moja. Ila historia yoyote ya Makutupora au ya kikosi chochote cha JKT ambayo inataja zabibu na gwaride na kuiruka miezi ile, hiyo haijakamilika.

Zabibu, naam. Makutupora ni nyumba ya zao hilo kwa njia ya pekee. Wamisionari Wakatoliki ndio walioleta mizabibu Dodoma, na pale Bihawana ikathibitika kwamba ukame wa Ugogo, ambao mahindi huuogopa, ndio hasa zabibu inaoupenda. Zao likasambaa, na Makutupora kikajengwa kituo cha utafiti wa kilimo hicho, ambacho sasa ni sehemu ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Aina inayolimwa sana na wakulima wa hapa kwa ajili ya mvinyo inaitwa Makutupora Red, jina la kata hii likiwa limebandikwa kwenye chupa za watu ambao hawajawahi kufika. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, jambo ambalo nchi nyingi za zabibu haziliwezi. Kambi nayo inalima. Kwa hiyo kuruta anayeingia Juni anaikuta mizabibu ikichanua, na wiki za mwisho za mafunzo yake huangukia katika vichala vilivyoiva.

Chini ya yote hayo kuna maji. Bonde la Makutupora, kwenye visima vya Mzakwe, ndilo lililoinywesha Dodoma kwa miongo mingi, kabla na baada ya uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, hadi serikali ilipohamia kweli. Kumbukumbu za kina cha maji katika visima hivyo zimewekwa tangu miaka ya 1950, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa za aina hiyo katika kanda za tropiki. Wanasayansi waliozichambua walionyesha kwamba hazina hii haijazwi na mvua za kawaida za kila mwaka, ambazo Dodoma ni kama milimita 570 tu; hujazwa na miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Miaka inayobaki yote ni ya kunywa akiba. Mgogo hangehitaji utafiti kuliamini hilo. Njaa ya Mtunya, iliyoua maelfu ya watu Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, ilifundisha kila ukoo hapa maana ya akiba.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo mazingira ya shule ninayoiandika, na kwa sababu naona kuna mtaala hapo ambao haujawahi kufundishwa kikamilifu. Mwanafunzi wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) anakaa miaka miwili akikariri mzunguko wa maji kwa ajili ya mtihani. Kisha anakuja kuishi juu ya bonde ambalo dunia imejifunza mzunguko huo kutokana nalo, jirani na kituo cha utafiti kinachozalisha miche ya mizabibu, na anaondoka akiwa anajua kwata. Kwata ni nzuri. Lakini kuruta aliyepelekwa siku moja Mzakwe, akaonyeshwa daftari la vipimo na fundi anayelijaza, angeondoka na jambo la kumwambia mdogo wake.

Mwaka 1994 mafunzo hayo ya lazima, yanayoitwa mujibu wa sheria, yalisitishwa. Serikali haikuwa na fedha. Ilikuwa miaka ya kubana matumizi, na kulisha maelfu ya vijana kwa mwaka mzima ilikuwa gharama isiyobebeka tena. JKT ilibaki na wa kujitolea na miradi yake ya uzalishaji chini ya shirika lake, SUMAJKT, lililoanzishwa 1981. Makutupora haikufa, ila upande wake wa shule ulinyamaza kwa miaka 19.

Katika miaka hiyo kidato cha sita chenyewe kikabadilika. Shule za binafsi ziliongezeka, za kata zikajengwa kila pembe kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na baadhi zikapandishwa hadhi hadi kidato cha tano na sita. Wale 176 wa mwaka 1961 wamekuwa watahiniwa zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Lakini pamoja na wingi huo ukaja utengano mpya. Zamani utengano ulikuwa kati ya msomi na kijiji. Sasa uliingia ndani ya wasomi wenyewe. Mtoto wa shule ya ada ya mamilioni na mtoto wa sekondari ya kata iliyokosa mwalimu wa Fizikia walifanya mtihani uleule wa NECTA siku ileile, wala hawakuwahi kukaa meza moja. Kizazi kizima kilipita hivyo. Nadhani gharama ya miaka 19 ile ni kubwa kuliko fedha zilizookolewa, ingawa nakiri kwamba fedha hizo kweli hazikuwepo.

Machi 2013 Rais Kikwete aliyarudisha mafunzo kwa mujibu wa sheria, na wabunge vijana kadhaa wakaingia makambini pamoja na wahitimu kuonyesha mfano. Uwezo wa makambi haukutosha kuchukua wote, na muda haukuwa tena mwaka. Siku hizi ni miezi mitatu. Kila mwaka, baada ya mtihani wa Mei, tangazo hutolewa na vijana husaka majina yao: Rwamkoma, Msange, Mpwapwa, Makutupora, Mlale, Mgambo, Nachingwea, Oljoro. Wenye ulemavu wa kuonekana hupangiwa Ruvu, ambako miundombinu imeandaliwa kwa ajili yao. Tangazo hilo pia hutaja vitu vya kubeba, na orodha yake ningeiweka kwenye makumbusho ya elimu kama ingekuwa juu yangu: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, nauli ya kwenda na kurudi.

Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona falsafa nzima. Hakuna kitu hapo ambacho soko la Majengo mjini Dodoma halina. Mzazi wa Masaki na mzazi wa Chemba wananunua bukta ileile. Siku ya kuripoti vichwa hunyolewa, simu huwekwa kando, na kwenye hanga vitanda hugawiwa bila kuulizwa ulisoma wapi. Mtu aliyekuja akijiona kwa jina la shule yake anaitwa kuruta, na mwenzake wa kitanda cha juu anaitwa kuruta. Ugali na maharage ya mesi hayajui mchepuo. Wanafundishwa silaha, huduma ya kwanza, uraia, ujasiriamali kidogo, usomaji wa ramani. Wanafanya fatiki, wanalima, wanalenga shabaha, na mwisho wanapiga gwaride mbele ya wazazi waliosafiri usiku kucha na ambao, ukiwatazama, wanahangaika kumtambua mtoto wao katika mistari iliyofanana.

Majirani zetu wamejaribu njia zao. Kenya iliwapeleka wanaoingia chuo kikuu kwenye mafunzo ya NYS, jeshi lake la vijana, kule Gilgil kuanzia 1984 hadi 1990, na kidato cha sita chenyewe wakakifuta kwa mfumo wa 8-4-4. Uganda imebaki na kidato cha sita na iliwahi kuwa na mchakamchaka wake wa kisiasa. Rwanda huwakusanya wahitimu wa sekondari katika Itorero, na Nigeria imewapeleka wahitimu wa vyuo vikuu nje ya majimbo yao tangu 1973, miaka mitatu baada ya vita vya Biafra. Kila nchi iliyopata uhuru na makabila mengi na shule chache iligundua tatizo lilelile: shule peke yake huwatoa watu kwao, haiwarudishi.

Je, miezi mitatu inatosha kuwarudisha? Hapa nina shaka, nami nitaisema wazi. Mwaka mmoja ulikuwa na msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna. Kijana aliyefika Makutupora mwezi Juni na kuondoka Juni nyingine aliona mvua ya kwanza ya Desemba ikiigeuza Dodoma kijani kwa wiki mbili, akaona mtama na uwele ukipigwa jua Februari mvua inapokatika, akajua kwa macho yake kwa nini mkulima wa hapa anaweka uwele mwingi ghalani na mahindi machache. Wa miezi mitatu anaiona Dodoma ya kiangazi tu. Anaona nyasi kavu na vumbi, na anaweza kuondoka akiamini kwamba Wagogo wanaishi hivyo mwaka mzima kwa kupenda. Hatuwezi kurudi kwenye mwaka mzima kwa vijana laki moja, hesabu hairuhusu. Lakini miezi mitatu inaweza kuwa na siku kumi nje ya uzio, siku za kulala katika kaya za vijiji jirani kama Zanka au Veyula, kula mlenda, kusikiliza ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake wenyewe, kubeba maji, kulipwa wema na kuulipa. Ukaribu huo ndio uliokosekana kwa wale 393, na kuutoa hakuhitaji jengo jipya.

Lipo pia suala la wasichana, ambao sasa ni sehemu kubwa ya kila kundi. Wazazi wengi wanaowaaga pale stendi wana wasiwasi ambao hawausemi kwa sauti. Kambi inayotaka kuitwa shule inabeba wajibu wa shule: malalamiko ya binti yasikilizwe na mtu asiyekuwa katika mlolongo wa amri unaomhusu, na majibu yapatikane kabla hajarudi nyumbani. Nalisema kwa sababu naipenda taasisi hii, na taasisi inayopendwa huulizwa maswali magumu zaidi ya nyingine.

Jambo la haraka kuliko yote ni kumbukumbu. Kila kundi lililopita Makutupora lilikuwa na daftari la majina, picha za kombania, jina la operesheni ambalo kundi lilipewa, na chenja zake. Makao makuu ya JKT sasa yako Chamwino, mkoani humuhumu, na mjini Dodoma kuna vyuo vikuu viwili vyenye wanafunzi wa historia na Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu. Waanze na waliokuwa vijana wa ishirini mwaka 1967, ambao leo wanakaribia miaka themanini. Wawaulize walikula nini, waliogopa nini, afande wao alikuwa nani na alitoka wapi. Wawarekodi wakiimba. Kisha waende kwa wanakijiji wa Makutupora wenyewe, waliokuwa watoto nje ya uzio wakati ule, wawaulize wao walionaje makundi yale ya wasomi walionyolewa vichwa yakipita mbio alfajiri kwenye barabara ya Arusha, na kama kuna hata mmoja aliyerudi baadaye kuwasalimia.